Nyonga ya mtoto: Upasuaji wa leo, hesabu ya miaka 45

Na Mwandishi Wetu

MZAZI anayemsubiri mwanawe nje ya chumba cha upasuaji wa nyonga huwa na swali moja tu kinywani: Je, mtoto atatembea? Swali hilo hujibiwa mapema. Baada ya wiki kadhaa bandeji gumu huondolewa, mtoto huanza kujikongoja, kisha hutembea, na haupiti muda mrefu kabla hajaonekana akikimbizana na wenzake uwanjani. Familia hushukuru, majirani hupongeza, na faili la mgonjwa hurudishwa kabatini.

Lipo hata hivyo swali la pili, ambalo huulizwa kwa nadra. Nyonga hiyo itakuwa katika hali gani mtoto huyo atakapotimiza umri wa miaka 45, akiwa na kazi, akiwa na watoto wake mwenyewe na wazazi wazee wanaomtegemea? Jibu la swali hili halipatikani wodini. Hupatikana kwa kusubiri, kwa kutunza kumbukumbu, na kwa kuwatafuta wagonjwa wale wale miongo kadhaa baada ya jeraha kupona.

Ni hospitali chache duniani zilizowahi kufanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Zile zilizofanya zimetuachia majibu yanayopaswa kuwafikirisha wazazi, madaktari na wapanga sera, wakiwamo wa Afrika Mashariki, ambako tatizo lenyewe huonekana kwa nadra kuliko kwingineko.

Kiungo kinavyojijenga

Ili kuielewa hoja hii, ni vyema kwanza kukumbuka jinsi nyonga ilivyoumbwa. Kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la mpira, hukaa ndani ya kikombe kilichomo katika fupanyonga. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya kikombe hicho bado ni gegedu laini. Kikombe hupata kina chake kwa sababu kichwa cha paja kimetulia ndani yake na kukifinyanga siku hata siku. Kichwa kikiwa nje, kikombe hubaki bapa kama kisahani, na kichwa chenyewe nacho hupoteza umbo lake la mviringo.

Kwa hiyo kila upande unauhitaji mwenzake ili ukue. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na katika maungo ya binadamu ni machache yanayoithibitisha methali hiyo kama nyonga ya kichanga.

Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini inakadiriwa kuwa mtoto mmoja au wawili kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai huwa na nyonga iliyoteguka. Wale ambao nyonga haijatoka, lakini kikombe chake hakina kina cha kutosha, ni wengi zaidi. Watoto wa kike huathirika mara kadhaa zaidi kuliko wa kiume. Wengine walio katika hatari ni waliotanguliza matako tumboni, wazaliwa wa kwanza, na wale ambao mzazi au ndugu yao aliwahi kuwa na tatizo hilo. Nyonga ya kushoto huathirika zaidi kuliko ya kulia.

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Mtoto halii wala hapati homa, hunyonya vizuri na huongezeka uzito kama wenzake. Dalili zilizopo ni ndogo: paja moja halifunguki sawa na jingine wakati wa kubadilisha nepi, mguu mmoja huonekana mfupi kidogo, au mikunjo ya mapaja hailingani. Mara nyingi familia hushtuka pale mtoto anapoanza kutembea huku akichechemea au akiyumba kama bata. Wakati huo huwa tayari amevuka mwaka mmoja, na zile njia rahisi za tiba zimekwisha kumpita.

Maana tiba hufuata umri. Mtoto aliyegunduliwa kabla ya kutimiza miezi sita huvalishwa mikanda laini inayoyaweka mapaja yake wazi na magoti yakiwa yamekunjwa, kifaa kilichobuniwa na daktari Arnold Pavlik wa Czechoslovakia miaka ya 1940. Akivalishwa mapema, na kwa usimamizi mzuri, wengi hupona bila kukatwa. Anayegunduliwa baadaye kidogo hulazimika kupewa dawa ya usingizi, nyonga ikarudishwa kwa mikono na kufungwa bandeji gumu kuanzia kiunoni. Aliyevuka miezi 18 kwa kawaida huhitaji kisu.

Kumbukumbu za Toronto

Miongoni mwa waliobadilisha tiba hiyo ya kisu ni Robert Salter, daktari wa mifupa katika hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki dunia mwaka 2010. Kabla yake, madaktari waliweza kuirudisha nyonga mahali pake, lakini mara nyingi ilichomoka tena. Salter aliona kuwa kasoro kubwa ilikuwa katika uelekeo wa kikombe. Kikombe cha watoto hao kimeelekea mbele na pembeni kupita kiasi, hivyo mtoto anaposimama hakimfuniki kichwa cha paja ipasavyo.

Mwaka 1957 alifanya kwa mara ya kwanza upasuaji wa kulikata fupanyonga juu ya kikombe, kukigeuza kikombe chote kikae juu ya kichwa cha paja, kisha kuziba pengo kwa kabari ya mfupa iliyotolewa kwa mtoto huyo huyo na kuishikilia kwa sindano za chuma. Alichapisha njia hiyo mwaka 1961, nayo ikaenea duniani kote na kuitwa kwa jina lake.

Jambo lililo adimu zaidi lilitokea baadaye. Mwaka 2007 Salter, akiwa amevuka umri wa miaka 80, pamoja na wenzake Simon Thomas na John Wedge, walichapisha matokeo ya wagonjwa wake wa mwanzo. Hao walikuwa watoto 76 wenye nyonga 101, waliofanyiwa upasuaji kati ya mwaka 1958 na 1965 wakiwa na umri wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi mitano. Baada ya miaka 40 hadi 48, watafiti walifanikiwa kuwapata 60 kati yao, wenye nyonga 80. Kuwapata watu karibu wanne kati ya kila watano baada ya zaidi ya nusu ya umri wa binadamu kupita, wengine wakiwa wamehama na wengine wamebadili majina kwa ndoa, si kazi ndogo.

Matokeo yalikuwaje? Watatu, wenye nyonga tano, walikuwa wamefariki kwa sababu zisizohusiana na nyonga. Kumi na tisa, wenye nyonga 24, walikuwa tayari wamewekewa nyonga bandia. Waliobaki 38, wenye nyonga 51, walikuwa bado wakizitembelea nyonga zao za kuzaliwa.

Kwa hesabu ya kitaalamu inayopima ni nyonga ngapi zimedumu bila kubadilishwa, asilimia 99 zilikuwa zimedumu miaka 30 baada ya upasuaji. Miaka 40 baada ya upasuaji zilikuwa asilimia 86. Miaka 45 baada ya upasuaji zilikuwa asilimia 54.

Takwimu zinasema nini

Takwimu hizo tatu zinastahili kusomwa kwa utulivu. Kama utafiti ungesimama kwenye mwaka wa 30, ulimwengu ungeambiwa kuwa upasuaji huo ni ushindi kamili, kwani karibu kila nyonga ilikuwa salama. Kama ungesimama kwenye mwaka wa 40, bado ungekuwa ushindi mkubwa. Miaka mitano tu baadaye, sura ya mambo inabadilika.

Ni wazi kwamba ripoti nyingi za upasuaji wa watoto hazifiki hata mwaka wa 30. Huishia mwaka wa pili, wa tano au wa kumi, wakati mgonjwa bado yuko shuleni. Kuipima nyonga ya mtoto kwa miaka mitano ni sawa na kuipima nyumba kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Hata hivyo, haki itendeke kwa takwimu zenyewe. Kwanza, wagonjwa waliokuwa wamefikisha miaka 45 tangu upasuaji walikuwa wachache, hivyo hiyo asilimia 54 ina ukingo mpana wa makosa kuliko zile mbili za mwanzo. Pili, idadi ya waliobadilishiwa nyonga haipimi uchakavu wa kiungo peke yake, kwani hupima pia utayari wa madaktari. Nyonga bandia za kisasa, zilizotokana na kazi ya John Charnley wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa muda mrefu zilitengwa kwa ajili ya wazee. Kadiri vifaa vilivyoboreshwa ndivyo madaktari walivyokubali kuwawekea watu wa umri wa kati. Tatu, watoto hao walitibiwa na mbunifu mwenyewe wa upasuaji huo, katika hospitali yenye nyenzo za kutosha. Haitarajiwi kuwa kila mkono ungepata matokeo kama hayo.

Ikumbukwe pia kuwa bila upasuaji ule watoto hao wangekua wakichechemea, mguu mmoja ukiwa mfupi, na wengi wao wangepata maumivu ya nyonga na mgongo. Walichopewa kwa kisu ni miaka 40 ya kutembea, kufanya kazi na kulea. Hakuna mwenye busara atakayekibeza kipimo hicho.

Jambo ambalo upasuaji haukuwapa ni nyonga mpya. Daktari hurudisha kichwa ndani ya kikombe na kukigeuza kikombe, lakini hawezi kuirudisha ile miezi ambayo viungo hivyo viwili vilipaswa kufinyangana. Kikombe huweza kubaki na kasoro ndogo, uzito wa mwili ukaangukia eneo dogo la gegedu, na gegedu hilo likalika polepole mwaka hadi mwaka.

Aidha, ipo hatari inayotokana na tiba yenyewe. Mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha paja la mtoto ni myembamba, na ikibanwa au kujeruhiwa wakati nyonga inarudishwa, sehemu ya kichwa hicho hufa au hukua kombo. Hatari hii ipo hata pale ambapo kisu hakikutumika. Huko Iowa, Marekani, madaktari waliwafuatilia kwa wastani wa miaka 30 watu ambao nyonga zao zilirudishwa kwa mikono utotoni, na taarifa yao ya mwaka 1994 ilieleza kuwa wengi wao walikuwa na kasoro ya ukuaji wa sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Uwezo wa nyonga zao ulipungua kadiri miaka ilivyosonga.

Umri wa mtoto wakati wa tiba nao hubeba uzito mkubwa. Kadiri anavyochelewa ndivyo kichwa na kikombe vinavyokuwa vimeharibika zaidi, misuli imekaza, na upasuaji unaohitajika ni mkubwa zaidi.

Kwa wale wanaoishia kwenye nyonga bandia, safari huwa haijaisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la The Lancet ulikadiria kuwa takriban asilimia 58 ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Mwenye kuwekewa akiwa na miaka 45 anaweza, kwa hiyo, kujikuta akirudi kwa ajili ya upasuaji mwingine akiwa na miaka 70, na upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza.

Mlango wa katikati

Kati ya upasuaji wa utotoni na nyonga bandia ya ukubwani upo mlango mwingine, ambao watu wengi hawaujui. Mwaka 1984 daktari Reinhold Ganz na wenzake mjini Bern, Uswisi, walianza kufanya upasuaji wa kukizungushia kikombe mikato, kukitenga na fupanyonga na kukiweka upya. Upasuaji huu huwafaa vijana waliokwisha balehe na watu wazima ambao kikombe chao kimebaki na kasoro lakini gegedu lao bado ni zima.

Mlango huo hufungwa gegedu likishalika, na kijana hawezi kujua mwenyewe kama wake bado uko wazi, kwa sababu huenda hasikii maumivu yoyote. Anayeweza kumwambia ni daktari anayemwangalia kila baada ya muda kwa picha za eksirei, tangu utotoni hadi mifupa itakapoacha kukua. Hapa ndipo gharama ya faili lililorudishwa kabatini mapema inapoonekana. Mtoto aliyeruhusiwa akiwa na miaka mitano kwa kuwa anatembea vizuri anaweza kurudi akiwa na miaka 38, wakati lililobaki ni nyonga bandia tu.

Kugundua siku ya kwanza

Kama tiba ya kuchelewa hununua miaka 40, na tiba ya mapema huweza kununua umri mzima, basi mjadala mkubwa ni wa kugundua. Mwaka 1937 daktari Marino Ortolani wa Italia alieleza namna ya kuitambua nyonga iliyoteguka kwa mikono tu, kwa kuyafungua mapaja ya kichanga na kusikiliza kwa vidole jinsi kichwa kinavyoingia mahali pake. Mwaka 1962 Thomas Barlow wa Uingereza aliongeza kipimo cha kuitambua nyonga iliyomo ndani lakini inayoweza kutoka.

Barlow aligundua jambo jingine lenye kuleta tahadhari. Kati ya vichanga aliowapima, mmoja kati ya kila 60 alikuwa na nyonga legevu, lakini takriban asilimia 60 ya hao walitengemaa wenyewe katika wiki ya kwanza, na asilimia 88 ndani ya miezi miwili, bila tiba yoyote. Maana yake ni kwamba kipimo kikali mno humtia mkanda mtoto ambaye angepona bila mkanda, na kipimo kilicholegea humwacha yule atakayehitaji kisu.

Nchi zimelitatua fumbo hili kwa njia tofauti. Austria na Ujerumani, kuanzia miaka ya 1990, ziliamua kumpima kila mtoto kwa ultrasaundi, kwa kutumia njia ya daktari Reinhard Graf wa Austria. Uingereza inampima kila mtoto kwa mikono katika siku tatu za mwanzo na tena kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha inawapeleka kwenye ultrasaundi walio na dalili au walio katika hatari zaidi. Wataalamu bado wanabishana ni njia ipi bora. Hawabishani kuwa kutopima kabisa ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Bibi wa Japan na mbeleko yetu

Ipo njia ya tatu, isiyohitaji mashine wala kisu. Kabla ya mwaka 1965, kati ya asilimia 1.1 na 3.5 ya watoto nchini Japan walikuwa na nyonga iliyoteguka au iliyotoka nusu. Madaktari wa nchi hiyo walishuku namna vichanga walivyofungwa kwa nepi na nguo huku miguu imenyooshwa. Mwaka 1975 ilianzishwa kampeni ya kitaifa ya kuwaelimisha akina mama, na hasa akina bibi, waache kuinyoosha miguu ya vichanga. Kiwango hicho kilishuka hadi chini ya asilimia 0.2. Kampeni iliwalenga bibi kwa sababu ndio waliokuwa wakiwafundisha mabinti zao kulea.

Katika Saudi Arabia, ambako tatizo la nyonga za watoto ni kubwa, desturi ya kumkaza kichanga kwa vitambaa nayo imetajwa na madaktari miongoni mwa visababishi.

Kwetu hali ni ya kinyume. Mama wa Kiafrika humbeba mwanawe mgongoni kwa khanga au kitenge, mapaja yamefunguka, magoti yamekunjwa, kifua kimelala juu ya mgongo wa mama. Mkao huo unafanana sana na ule ambao mikanda ya Pavlik humlazimisha mtoto kukaa. Mwaka 2015 madaktari waliofanya kazi nchini Malawi walichapisha mapitio ya kumbukumbu za kliniki za mifupa za miaka kumi, kuanzia 2002 hadi 2012. Kati ya watoto 40,683 waliohudumiwa, hakuna hata mmoja wa chini ya miaka mitano aliyebainika kuwa na dalili za nyonga iliyoteguka kwa namna hii. Kati ya watoto 9,842 waliofanyiwa upasuaji, hakuna aliyefanyiwa kwa sababu hiyo.

Mapitio hayo hayathibitishi kuwa mbeleko peke yake ndiyo kinga. Huenda nasaba nayo ina sehemu yake, na huenda wapo wenye kasoro ndogo ambao hawakufika kliniki. Hata hivyo, yakiwekwa kando ya uzoefu wa Japan, yanatosha kutufanya tufikiri mara mbili kabla ya kuiona mbeleko kuwa ni alama ya ushamba.

Mijini mwetu kigari cha kusukuma, kiti cha kubebea na shuka la kumviringisha mtoto vimekuwa dalili za maendeleo. Havina ubaya kwa vyenyewe, mradi miguu ya mtoto ipate nafasi ya kukunjuka na kufunguka. Wahenga walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Bila shaka anayembeba kichanga anapaswa kuhakikisha shingo imeshikiliwa vizuri na pua na mdomo viko wazi, lakini hayo ni mafunzo ambayo mkunga yeyote anaweza kuyatoa kwa dakika tano.

Nyonga zetu nyingine

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kuwa uhaba wa tatizo hili unatuondolea wajibu. Nyonga za watoto wa Afrika Mashariki huharibika kwa njia nyingine. Ugonjwa wa selimundu, ambao Tanzania na Uganda ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao, huziba mishipa ya damu na kukiua kichwa cha mfupa wa paja. Usaha ndani ya kiungo, usipoondolewa haraka, hulila gegedu kwa siku chache tu, na wazazi wengi hufika hospitalini baada ya kupita kwanza kwa mganga au duka la dawa. Kinachofuata huwa ni kuchechemea, upasuaji wa kurekebisha, na maisha marefu yenye kiungo dhaifu.

Kwa watoto hao somo la Toronto lina uzito ule ule. Hospitali zetu, kuanzia Taasisi ya Mifupa Muhimbili hadi hospitali za misheni zilizoko Kijabe nchini Kenya, zina madaktari wenye ujuzi wa kutibu maradhi ya mifupa na viungo. Udhaifu wetu mkubwa uko katika yale yanayofuata. Mgonjwa hutoka mkoa wa mbali, nauli ni tatizo, namba ya simu aliyoiacha hubadilika, na picha zake za eksirei hubaki kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati hadi zinapoliwa na unyevu. Baada ya miaka kumi hakuna anayejua mtoto yule anatembeaje.

Wapo watakaosema kuwa ufuatiliaji wa miaka 40 ni anasa ya nchi tajiri. Malawi inawajibu. Nchi hiyo, ambayo ni miongoni mwa maskini zaidi duniani, ilianzisha mwaka 2005 daftari la kitaifa la viungo bandia, ambamo kila anayewekewa nyonga au goti huandikwa ili afuatiliwe. Kama daftari linawezekana Blantyre kwa watu wazima, hakuna sababu ya msingi ya kulifanya lisiwezekane Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa watoto.

Hatua zinazohitajika kwa kuanzia ni chache. Mkunga apime nyonga za kila mtoto anapozaliwa na tena anaporudi kliniki ya wiki sita, kwa mikono yake tu, na aandike alichokiona kwenye kadi ya kliniki. Mtoto aliyetanguliza matako au mwenye ndugu aliyewahi kuugua aangaliwe kwa makini zaidi. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga apewe nakala ya maelezo ya upasuaji na picha zake, familia izitunze kama inavyotunza cheti cha kuzaliwa, na tarehe za kurudi ziendelee hadi mifupa itakapokomaa. Hakuna hata moja kati ya haya inayodai mashine mpya.

La mwisho ni ukweli wa daktari kwa mzazi. Mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe amepona kabisa hatarudi, na hana sababu ya kurudi. Anayeambiwa kuwa mwanawe amepewa nyonga inayoweza kumfikisha mbali, lakini inayohitaji kuangaliwa kila baada ya muda, ataitafuta nauli. Wazazi wetu si watoto, na ukweli wa namna hiyo hauwavunji moyo.

Wale watoto wa kwanza wa Salter leo ni watu wa miaka 60 na zaidi. Mtoto wa miaka miwili anayelazwa leo kwa ajili ya upasuaji kama ule atatimiza miaka 45 mwishoni mwa muongo wa 2060. Daktari aliyemtibu atakuwa amestaafu au hayupo tena duniani. Wazazi wake huenda nao hawatakuwapo. Kitakachoweza kumsaidia daktari wa siku hizo ni karatasi zilizoandikwa leo, na usipoziba ufa utajenga ukuta.